Alfa ya 0.91 haisemi kama mgonjwa alikuelewa

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni daktari wa meno, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Nimetafsiri kwa Kiswahili madodoso manne ya Mhimili wa Pili wa DC/TMD, yaani vigezo vya kutambua matatizo ya maungio ya taya: JFLS-20 la ugumu wa kutumia taya, GCPS la daraja la maumivu sugu, OBC la tabia za kinywa, na PHQ-9 la sonona. Mwalimu mmoja wa Kiingereza alinirudishia tafsiri kwenye Kiingereza, ikalingana na asili. Nimeshajaza fomu za wagonjwa 112. JFLS-20 imetoa alfa ya 0.91, OBC imetoa 0.58. Swali la kubusu, lililomo kwenye JFLS-20, karibu nusu wameliruka. Msimamizi wangu ameniandikia mstari mmoja tu: "Hapa hujathibitisha kitu." Je, niongeze wagonjwa, au nifute maswali mpaka alfa ya OBC ipande?

JIBU: Marahaba, daktari. Kwa sasa usiongeze mgonjwa, na usifute hata swali moja. Msimamizi wako amesema kweli, ila amekubania maneno. Ngoja niyanyooshe.

Nianze na hiyo 0.91, maana naona ndiyo iliyokupa moyo. Alfa ya Cronbach, iliyo nasi tangu 1951, inajibu swali dogo sana: je, anayejipa namba kubwa kwenye swali hili hujipa namba kubwa na kwenye mengine? Basi. Haijui maswali yanahusu nini, wala haijui kama aliyejibu alielewa alichoulizwa. Tena ina tabia ya kupanda kwa wingi wa maswali tu. Chukua kalamu. Ukiwa na maswali 20, na wastani wa uwiano kati ya swali na swali ni 0.33, alfa inatoka 0.91. Acha uwiano uleule wa 0.33 lakini maswali yawe manane: alfa inashuka hadi 0.80. Wagonjwa ni walewale, lugha ni ileile. Umepunguza karatasi tu.

Kuna balaa kubwa zaidi. Tuseme maswali kumi yanapima ugumu wa kutafuna, na kumi mengine yanapima ushabiki wa mpira. Ndani ya kila kumi uwiano ni 0.6, kati ya kumi hizi na kumi zile ni sifuri kabisa. Alfa ya maswali yote 20 kwa pamoja ni 0.89. Ungeiandika kwenye tasnifu, na mtahini aliyechoka angeipitisha, kumbe umejumlisha taya na Simba na Yanga.

JFLS-20, kama ilivyoundwa, ina sehemu tatu: maswali 1 hadi 6 ni ya kutafuna, 7 hadi 10 ni ya kufungua kinywa, na 13 hadi 20 ni ya kuongea na kuonyesha hisia usoni. Kwa hiyo alfa moja ya yote ishirini haikuambii kama sehemu hizo tatu zimebaki tatu baada ya kuvuka kuja Kiswahili. Hilo linataka uchambuzi wa faktori, hesabu inayoonyesha maswali yapi yanakaa kundi moja, na hapo ndipo idadi ya watu inapoingia: miongozo ya COSMIN, ya kupima ubora wa madodoso, inataka angalau watu saba kwa kila swali, na wasipungue 100. Saba mara ishirini ni 140. Kwa hiyo ndiyo, baadaye utahitaji watu zaidi. Lakini kuwaongeza leo ni kuongeza maji kwenye mtungi usiojua kama umetoboka.

Kabla sijafika kwenye tundu lenyewe, niseme kwa ajili ya wengine watakaosoma haya kwa nini daktari wa meno anahangaika na sonona na siku za kukosa kazi. Mwaka 1977 George Engel aliandika kwamba tiba inayotazama mwili peke yake haiwezi kueleza ugonjwa wa mtu. Mwaka 1992 watafiti Dworkin na LeResche wakaleta fikra hiyo kwenye taya: mhimili mmoja wa uchunguzi wa kiungo na misuli, na mwingine wa mtu mwenyewe, yaani maumivu yake, hofu zake na maisha yake. Toleo jipya, DC/TMD, likachapishwa 2014. Utafiti wa OPPERA huko Marekani uliwafuata watu 2,737 wasiokuwa na tatizo la taya. Katika kipindi cha kati cha miaka 2.8, watu 260 walilipata. Katika vipimo vyote vya kisaikolojia, kilichotabiri kwa nguvu zaidi kilikuwa wingi wa dalili nyingine za mwilini alizolalamikia mtu kabla taya halijauma. Kwa hiyo madodoso haya ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Ukikosea neno humo, umekosea kama aliyepima ufunguzi wa kinywa kwa rula iliyopinda.

Sasa tundu. Umesema tafsiri ya kurudi ililingana. Tafsiri ya kurudi hupima kama Kiingereza kilirudi nyumbani salama. Haipimi kama Kiswahili kilimfikia mgonjwa. Mtafsiri hodari akikuta sentensi ya Kiswahili isiyoeleweka huikisia, anajua Kiingereza kingesemaje, anainyoosha njiani. Matokeo yanapendeza, na mgonjwa anabaki gizani. Utaratibu uliochapishwa na Beaton na wenzake mwaka 2000 unataka watafsiri wawili wa kwenda, mmoja anayejua tiba na mwingine asiyeijua. Tafsiri zao ziunganishwe kuwa moja. Wawili wengine wairudishe bila kuiona asili. Kamati ikae juu ya tofauti. Kisha watu 30 hadi 40 waijaribu. Wewe umefanya robo ya safari. Na DC/TMD ina wenyewe: mtandao wa INfORM ndio unaosimamia tafsiri zake na una mwongozo wake wa kutafsiri. Waandikie kabla ya hatua nyingine yoyote, kwani huenda kuna mtu mwingine ameshaanza kazi hiyohiyo na mkakutana badala ya kugongana.

Hatua uliyoiruka, na ambayo mimi naithamini kuliko hesabu zote, ni kukaa na mgonjwa mmojammoja na kumwambia: "Mama, nisaidie. Swali hili kwa maneno yako mwenyewe linauliza nini? Ulipochagua sita, ulikuwa unafikiria nini?" Halafu unanyamaza. Nikupe ninavyotarajia utakumbana navyo.

Dodoso la dalili, ambalo bila shaka ulilitumia kupata wagonjwa wako, linauliza maumivu ya taya, ya ndani ya sikio, ya mbele ya sikio, na ya panja. Panja ni Kiswahili safi kabisa. Muulize kijana wa miaka ishirini panja ni wapi, uone atakavyoshika shingo. Andika "pembeni mwa paji la uso, kati ya jicho na sikio", na weka picha. Halafu kuna mlio wa kiungo. Kamusi inatupa kualika, kama kijiti kinavyoalika kikivunjika, na tunasema mtu anaaliza vidole. Neno zuri mno. Lakini ukiuliza "Je, taya lako linaalika?" utaonekana unauliza habari za harusi. Na wagonjwa wengi hawalitaji taya kabisa. Wanasema "sikio langu linalia ta, ta" au "jino la mwisho linanivuta". Yachukue maneno hayo kwa kalamu kama yalivyo. Ndiyo malighafi ya kamati yako.

Kuku je? JFLS inauliza ugumu wa kutafuna kuku, na mfano wake ni kuku wa kuoka. Huko lilikoandikwa swali, kuku ni kuku. Kwetu kuna kuku wa kisasa anayeachia mfupa ukimtazama, na kuna jogoo wa kienyeji aliyezeeka akikimbizana na watoto. Ugumu wa kutafuna mmoja na mwingine haufanani hata kidogo. Ukiandika "kuku" tu, mgonjwa wa mjini na wa kijijini wamejibu maswali mawili tofauti kwenye mstari mmoja. Chagua mmoja, useme yupi.

Tufaa ni funzo zuri zaidi. Swali ni la kufungua kinywa kiasi cha kung'ata tufaa zima. Wengi watakuambia tufaa hulikata vipande, na wewe utashawishika kuweka hindi la kuchoma. Usifanye hivyo. Swali hilo limo kwenye sehemu ya kufungua kinywa, si ya kutafuna. Linalotafutwa ni upana. Hindi la kuchoma linadai nguvu kuliko upana, na ukiliweka, swali litahama kimyakimya na kwenda kukaa na maswali ya kutafuna. Utaliona kwenye uchambuzi wa faktori na hutajua limetoka wapi. Embe dodo lililoiva, aling'ate bila kulikata, lingekuwa karibu zaidi: upana mwingi, nguvu kidogo. Lakini waachie wagonjwa wakupendekezee, na kamati iandike sababu ya kila badiliko.

Kwenye GCPS tatizo ni kazi. Dodoso linauliza ni siku ngapi katika siku 30 zilizopita maumivu yalikuzuia kufanya shughuli zako za kawaida. Lilitungwa Marekani, ambako mtu akiumwa hupiga simu kazini. Anayeuza maandazi alfajiri hana wa kumpigia. Taya liume lisiume, unga lazima ukandwe. Atakujibu sifuri, na daraja lake litashuka, ilhali siku kumi kati ya hizo alikaanga huku analia. Usibadilishe swali hapo. Muulize aeleze, uandike, na ujue utakavyosoma sifuri zake. Kipindi cha miezi sita kinachoulizwa humo nacho kinahitaji kigingi: tangu masika, tangu Ramadhani, tangu shule zifunguliwe, chochote ambacho mgonjwa wako anahesabia.

Na ile mizani ya alama sifuri hadi kumi! Tumekaa darasani sote. Kumi ya kumi ni vema na alama ya tiki nyekundu. Wapo watakaokupa kumi wakimaanisha wako vizuri. Kwa hiyo maneno ya pande mbili za mstari yasomwe kila mara, na kwa asiyesoma, anayeuliza ayarudie kila swali hata kama inachosha. Pia andika kwenye tasnifu ni wangapi walijaza wenyewe na wangapi waliulizwa kwa mdomo, maana hizo ni njia mbili za kupima.

Hapo ndipo swali la kubusu linapopata maelezo. Kabla hujalihukumu, angalia ni nani walioliruka. Kama ni akina mama wa makamo walioulizwa na tabibu kijana wa kiume, tatizo ni chumba, sio swali. Jaribu kuwapa wajaze wenyewe. Tena kubusu kwa Kiswahili si lazima kuwe kwa chumbani: tunabusu watoto mashavuni. Swali linatafuta mwendo wa midomo na taya. "Kumbusu mtu, kwa mfano mtoto au mwenzi wako" linaweza kufaa. Likigoma hata hapo, kamati ina sababu ya kuzungumza na INfORM. Kulifuta kimyakimya kutafanya namba zako zisilinganishwe na za nchi nyingine yoyote, na kulinganisha ndiyo faida kuu ya kutafsiri badala ya kutunga.

OBC sasa. Ile 0.58 isikunyime usingizi. OBC ni orodha ya tabia 21: kubana meno usingizini, kutafuna ubani, kushikilia simu kwa bega, kuegemeza taya kwenye kiganja, kuimba. Hakuna sababu yoyote ya mwenye kutafuna ubani kuwa ndiye mwenye kushika simu kwa bega. Sonona huzaa dalili zake kwa pamoja, kwa hiyo dalili hizo zinatarajiwa kuandamana. Tabia za kinywa hujumlika tu, kama gharama za sokoni, na hakuna anayedai bei ya nyanya iandamane na ya mkaa. Ukifuta maswali mpaka alfa ipande utabaki na tabia nne zinazofanana, na umetupa zile zinazoliumiza taya kwa njia nyingine. Liripoti OBC kwa uthabiti wa kurudia, yaani kama mgonjwa yuleyule akiulizwa tena hujibu vilevile, swali kwa swali.

Lakini lina mitego ya maneno. Kuna kusaga meno, kuna kubana meno, kuna kuyagusanisha tu bila nguvu wakati huli, na OBC linayatenganisha. "Kusaga meno" kila Mkristo amelisikia kanisani pamoja na kilio, na wazazi wengi watakuambia ni dalili ya minyoo kwa mtoto. "Kuuma meno" wengine hulichukua kuwa ni kuvumilia kwa hasira. Kugusanisha ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa watu wengi huamini meno yanatakiwa kugusana mchana kutwa, ukiwauliza wanashangaa. Na anayesaga usingizini hajui. Anayejua ni aliyelala naye, kwa hiyo tazama kama mgonjwa anajibu kwa kukisia au kwa kuambiwa.

Uthabiti wa kurudia hukuutaja kabisa. Chukua wagonjwa 50 hivi, wajaze, warudie baada ya wiki moja hadi mbili, kabla tiba haijaanza kubadilisha mambo. Siku ya pili waulize kwanza: "Taya lako ni lilelile, limepungua au limezidi?" Wasiobadilika ndio unaowahesabu. Toa ICC ya makubaliano kamili, namba inayosema majibu ya mara mbili yanakubaliana kiasi gani, ukitarajia 0.70 au zaidi, kisha usiishie hapo. Mfano: wastani wa kutawanyika kwa alama ni 2.0 na ICC ni 0.84. Kosa la kipimo ni 2.0 mara kipeuo cha pili cha 0.16, yaani 0.8. Zidisha kwa 2.77, unapata 2.2, badiliko dogo kabisa la mgonjwa mmoja unaloweza kuliamini. Maana yake, mgonjwa mmoja akishuka kutoka 6 hadi 4.5 baada ya kuvaa kinga ya meno, huwezi kusema amepona kidogo. Inaweza kuwa ni mtikisiko wa kipimo tu. Daktari wa kliniki atakushukuru kwa namba hiyo moja kuliko kwa alfa zote.

Kisha uhalali wenyewe. Kabla hujafungua SPSS, programu yako ya takwimu, andika utabiri wako kwenye karatasi na uuweke tarehe. Sehemu ya kufungua kinywa ya JFLS iwiane na milimita ulizopima kuliko inavyowiana sehemu ya kuongea. Wenye maumivu ya misuli wawe na alama kubwa za GCPS kuliko wenye mlio tu usiouma. PHQ-9 iwiane kwa kiasi na GCPS, na kidogo sana na milimita. Andika tabiri nane au kumi za namna hiyo, pamoja na ukubwa unaoutarajia. Robo tatu zikitimia, una la kumwambia msimamizi. Ukiandika utabiri baada ya kuona majibu, utakuwa umechora shabaha pale mshale ulipotua.

PHQ-9 usiitafsiri wewe. Matoleo ya Kiswahili yapo na yamefanyiwa kazi: Monahan na wenzake waliyachunguza magharibi mwa Kenya mwaka 2009 kwa watu wanaoishi na VVU, na Tanzania nayo imefanya yake. Omba mojawapo, uitumie bila kuigusa, ila usidhani mstari wa kukatia, yaani alama ya kuanzia kumhesabu mtu kuwa na sonona, uliofaa pale unafaa kwenye kliniki yako. Mtu mwenye taya linalouma halali vizuri, amechoka na hali vizuri. Hayo ni maswali matatu kati ya tisa, na yote yatapanda hata kama moyo wake uko sawa. Tofautisha alama za mwili na alama za moyo unapochambua.

Fomu zako 112 usizitupe. Zitaje kama majaribio ya awali: zitakuonyesha maswali yaliyorukwa, na yale ambayo watu wengi wamejipa sifuri. Maneno yakishabadilika, sampuli kuu ianze upya.

Lakini kuna kazi moja isiyongoja barua ya INfORM wala kamati. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kama mtu amewaza afadhali afe au ajidhuru. Hukuniambia ulifanya nini na majibu ya swali hilo, na nimewahi kuona fomu kama hizo zikikaa kabatini zikisubiri kuingizwa kwenye kompyuta. Wengine huficha jibu, maana kwa sheria ya Tanzania kujaribu kujiua ni kosa la jinai na watu wanaogopa polisi; kwa hiyo aliyethubutu kuweka alama yoyote juu ya sifuri, mchukulie kuwa amekueleza. Zitoe fomu zote leo, ufungue ukurasa huo mmojammoja. Utakaowakuta, uwapigie wewe mwenyewe, na umshirikishe msimamizi na daktari wa afya ya akili wa hospitali yenu kabla ya jioni.